Jicho Jekundu la Mzee Si Hati ya Uchawi

Wahenga wetu walinena kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo. Methali hii imetufariji kwa muda mrefu, hasa sisi wa mwambao ambao jua kali, mchanga, chumvi ya bahari na moshi wa kuni vimekuwa maadui wa macho yetu tangu utotoni. Hata hivyo, mtu akishazoea kuamini kwamba kupofuka ni sehemu ya uzee, hatauliza ni ugonjwa gani uliompofusha, wala hatauliza kama ulikuwa na tiba. Leo ningependa kuwaomba walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wetu tuutazame ugonjwa mmoja ambao haufahamiki sana, ambao huwashika zaidi watu wa makamo na wazee, na ambao ukigunduliwa mapema hutibika kwa mionzi katika muda wa siku chache. Ugonjwa wenyewe ni limfoma ya kando ya jicho, ile iendayo polepole.

Nimelichagua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni elimu ya afya, ambayo ni haki ya kila mtu. Ya pili inahusu uhai wenyewe. Kuanzia Magarini na Malindi hadi Ganze, Kaloleni na Kilifi, mzee mwenye jicho jekundu lililotokeza yumo katika hatari mbili kwa wakati mmoja: hatari ya maradhi yake na hatari ya majirani zake.

Hili la majirani si jambo la kubuni. Kwa miaka mingi magazeti yetu yameripoti vifo vya wazee wa Kilifi waliouawa baada ya kushutumiwa uchawi, na mara kwa mara imebainika kwamba nyuma ya shutuma hizo palikuwa na ugomvi wa mashamba na urithi. Huko Ganze kipo kituo cha Kaya Godoma ambako wazee waliokimbia makwao kwa kuhofia kuuawa hupewa hifadhi. Mvi peke yake zimetosha kumtia mtu hatiani. Kwa ndugu zetu Wasukuma wa Tanzania, watafiti wameandika kwamba ishara iliyowaponza vikongwe wengi ilikuwa macho mekundu, na macho hayo yalitiwa wekundu na moshi wa jiko walilopikia maisha yao yote. Fikiria basi, msomaji, hali ya bibi kizee ambaye jicho lake moja limeanza kuvimba na kusukumwa mbele, huku weupe wake ukigeuka wa waridi. Yeye haumwi. Wanaomtazama ndio wanaoingiwa na hofu.

Limfoma ni nini? Damu yetu ina askari wake. Miongoni mwao ni seli nyeupe ziitwazo limfosaiti, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu viletavyo maradhi. Limfoma ni saratani inayoanza pale seli mojawapo ya hizo inapoasi, ikazaana bila kikomo, wala isife wakati wake ufikapo. Zipo limfoma za aina nyingi, ila kwa madhumuni ya makala hii twaweza kuzigawa mafungu mawili: zile ziendazo mbio na zile ziendazo polepole.

Ile iendayo mbio ina historia yake hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyekuwa amevimba taya pande zote mbili. Mwaka uliofuata aliandika habari za uvimbe huo, ambao kwa watoto wengine hushika tundu la jicho na kulisukuma jicho nje. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wawili wamishonari, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari na kusafiri maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimewahi kuwaona watoto wa namna hiyo. Ramani iliyotokana na uchunguzi huo ilionyesha ukanda wa joto na mvua, ule ule wa malaria. Kwa upande wa Kenya, sehemu zilizohusika zaidi zilikuwa kandokando ya Ziwa Viktoria na Pwani yetu hii. Inafaa kukumbuka kwamba Burkitt aliyatenda hayo yote akiwa na jicho moja tu, kwani la pili alilipoteza kwa ajali akiwa na umri wa miaka 11.

Uvimbe wa Burkitt waweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Kwa hivyo mtoto aliyevimba taya au jicho hana muda wa kusubiri likizo wala mavuno. Tiba yake kuu ni dawa za kemikali zinazotiwa mwilini kupitia mshipa, na watoto wengi hupona wakifikishwa hospitalini mapema.

Katika Kampala hiyo hiyo alikuwapo mtaalamu wa hadubini aitwaye Dennis Wright, ambaye katika miaka ya 1960 alizichunguza kwa makini seli za uvimbe wa Burkitt. Baadaye alirejea Uingereza, na mwaka 1983 yeye pamoja na Peter Isaacson wakaeleza limfoma ya tabia tofauti kabisa, ambayo huota katika tando laini za mwili, kama vile za tumbo, na kukua taratibu kwa miezi na miaka. Aina hiyo ndiyo ionekanayo zaidi kando ya jicho. Kwa hivyo mtu mmoja aliyefundishwa kazi na watoto wa Uganda ndiye aliyesaidia kuufumbua ugonjwa wa wazee.

Limfoma hii ya polepole hukaa mahali panne. Huweza kuota kwenye utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, ikaonekana kama doa la rangi ya waridi, laini, lisilouma, ambalo aghalabu hujificha chini ya ukope. Huweza kukaa ndani ya tundu la fuvu nyuma ya jicho na kulisukuma mbele. Huweza kuivamia tezi ya machozi, iliyo juu ya jicho kwa upande wa nje, au kuuvimbisha ukope wenyewe. Mgonjwa huweza kuona vitu viwili viwili, ama ukope wake ukashuka bila yeye kutaka. Mara nyingi hasikii maumivu yoyote, na hapo ndipo penye mtego. Tumelelewa tukiambiwa kwamba polepole ndio mwendo, na ugonjwa usiouma huchukuliwa kuwa mgeni asiye na neno.

Lugha yetu nayo imechangia kutupoteza. Mzee akilalamika kuhusu jicho, tunamwambia ni mtoto wa jicho, angoje liive ndipo akapasuliwe. Kumbe mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi iliyo ndani ya mboni, wala hausukumi jicho nje, wala hauoti doa la waridi. Ukope ukivimba tunasema ni chokea, na chokea hupona kwa siku chache. Kinachodumu kwa miezi si chokea. Wengine huenda dukani kununua dawa za matone bila cheti cha daktari. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, ambazo huupunguza uvimbe wa limfoma kwa muda na kumfanya mgonjwa adhani amepona, ilhali seli zile zimejificha tu. Isitoshe, steroidi zikitumiwa ovyo huweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho na kulipofusha jicho ambalo saratani haijaligusa.

Sisemi kwamba kila jicho jekundu lina saratani. La hasha! Mengi husababishwa na moshi, vumbi, mzio, au ile nyama inayotambaa kutoka pembeni kwa ajili ya jua na upepo. Jicho lililotokeza laweza kutokana na ugonjwa wa tezi ya shingo. Hata saratani zenyewe hutofautiana: katika Afrika Mashariki ipo saratani ya ule utando wa juu ya jicho inayowapata hata vijana, ambayo imehusishwa na virusi vya Ukimwi na jua kali, na tiba yake kuu ni upasuaji. Limfoma ni ugonjwa wa nadra. Hakuna awezaye kuitambua kwa kutazama tu, hata awe mjuzi namna gani. Daktari hukata kipande kidogo cha uvimbe, kikachunguzwa maabara kwa hadubini, kisha mwili mzima ukapimwa ili ijulikane kama ugonjwa umeenea. Ukiwa umeenea, dawa hutumiwa. Ukiwa umebaki penye jicho peke yake, tiba iliyothibitishwa kwa miaka mingi ni mionzi.

Hapa sina budi kusimama kidogo juu ya neno moja. Katika mazungumzo ya watu wengi, kutibiwa kwa mionzi huitwa kuchomwa. Namfahamu mzee mmoja, mvuvi mstaafu wa upande wa Mambrui, ambaye jamaa zake walimficha nyumbani kwa miezi kadhaa baada ya kusikia kwamba atapelekwa kuchomwa jicho. Alipokuja kwangu aliniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Hivi mtu akichomwa jicho, linabaki nini?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Mtu yeyote mwenye akili timamu angelikimbia jambo lenye jina kama hilo.

Nilimweleza hivi, na ndivyo ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Mwaka 1895 mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi isiyoonekana ambayo hupenya nyama na kuonyesha mifupa, ile tuiitayo eksirei. Mionzi ya tiba ni ya ukoo huo huo, ila ina nguvu zaidi. Ipitapo mwilini huvunja nyuzi za kemikali zilizo katika kiini cha seli, zile zinazobeba maagizo ya uhai. Seli nzima huweza kuzikarabati nyuzi zake. Seli ya saratani hushindwa, ikafa. Na katika seli zote za mwili, limfosaiti ni miongoni mwa zile zinazodhurika upesi kabisa kwa mionzi. Ndiyo sababu limfoma huyeyuka kwa kipimo kidogo ambacho saratani nyingine isingekijali.

Mgonjwa hulazwa chali juu ya kitanda. Uso wake hufunikwa kwa barakoa ya plastiki iliyolainishwa kwa maji ya moto na kufinyangwa kwa umbo lake yeye mwenyewe, ili kichwa kisitikisike. Mashine huzunguka, ikatoa mlio, na baada ya dakika chache kazi imekwisha. Hasikii joto, haoni moto, hakatwi wala hachomwi sindano. Ngozi ya ukope huweza kuwa nyekundu kidogo, na jicho huweza kukauka machozi na kuhitaji matone ya kulilainisha. Dhara kubwa zaidi lililo la kawaida huja baada ya miaka, kwani lenzi ya jicho haipendi mionzi na huweza kufanya ukungu. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho, na huo hupasuliwa, jicho likaona tena. Tunabadilisha saratani kwa ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji mdogo. Biashara hiyo haina hasara.

Mzee yule alikwenda. Uvimbe ulipungua wiki baada ya wiki, na ilipofika miezi michache jicho lilikuwa limerudi mahali pake. Aliloniambia baadaye ni kwamba mionzi haikumsumbua kabisa. Kilichomsumbua ni safari na malazi, kwa kuwa alitakiwa kufika kwenye mashine mara 12, siku za kazi mfululizo, na ikambidi akae Kisauni kwa mpwa wake kwa zaidi ya wiki mbili.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka walimu walifikirie. Kipimo cha mionzi huitwa grei, kwa jina la Mwingereza Louis Harold Gray. Saratani nyingi za kichwa na shingo huhitaji grei 60 hadi 70. Kwa limfoma ya polepole ya jicho, kipimo cha kawaida ni grei 24 tu, zinazogawanywa mara 12, na huuzuia uvimbe usirudi mahali pale kwa zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi. Lakini wataalamu wamejiuliza: je, hata grei 24 si nyingi mno? Huko Uingereza ulifanywa utafiti uliolinganisha grei 24 na grei 4 kwa limfoma za polepole za sehemu mbalimbali za mwili. Baada ya miaka mitano, uvimbe ulikuwa haujarudi mahali pale kwa asilimia 89.9 ya waliopewa 24, na kwa asilimia 70.4 ya waliopewa 4. Kipimo kikubwa kilishinda, ila kile kidogo nacho hakikuwa cha kudharauliwa.

Kisha mwaka 2024 madaktari wa hospitali ya MD Anderson mjini Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 wa limfoma ya polepole ya kando ya jicho. Walianza na grei 4 tu, zilizotolewa kwa siku mbili. Mgonjwa aliyeonekana bado ana uvimbe angeweza kuongezewa grei 20 baadaye. Kwa karibu wagonjwa tisa katika kila kumi, uvimbe uliisha kabisa. Maana yake ni kwamba wengi hawakuhitaji zile siku nyingine kumi, na macho yao yaliepushwa na sehemu kubwa ya ukavu na ukungu.

Utafiti huo ulifanywa Houston, lakini naamini kwamba faida yake ingeonekana zaidi Magarini. Kwa mkazi wa mji mkubwa wenye mashine, tofauti ya siku 2 na siku 12 ni usumbufu tu. Kwa mzee wa huku kwetu, ni tofauti ya kutibiwa na kutotibiwa. Tiba ya mionzi ilianza katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta mwaka 1968, na kwa miongo mingi mgonjwa wa Pwani aliyetegemea hospitali za umma hakuwa na pa kwenda ila Nairobi. Ni mwanzoni mwa miaka ya 2020 tu ndipo huduma hii ilipofika Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Pwani. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba hadi mwaka 1991, daraja la Kilifi lilipokamilika, abiria walipanga foleni kusubiri feri. Daraja lile lilituokolea saa nyingi. Kipimo kifupi cha mionzi nacho ni daraja la aina yake, na ningependa kuwaona madaktari wetu wakilipima hapa hapa, kwa wagonjwa wetu, badala ya kungoja kuambiwa na wengine. Uamuzi wa nani apewe grei 4 na nani apewe 24 ni wa daktari anayemwona mgonjwa, na anayepewa kipimo kidogo lazima arudi kuchunguzwa, maana kuna ambao kwao hakitoshi. Lakini kuuliza si kosa. Jamaa anayempeleka mzee wake hospitalini ana haki ya kumuuliza daktari, kwa adabu, kama njia hiyo yamfaa.

Sasa wajibu wetu ni upi? Kwanza, walimu wa fizikia wanapofundisha mionzi na vitu vinavyoitoa, wasiishie kwenye hesabu za nusu-uhai. Kobalti, iliyotumika kwenye mashine za tiba kwa miaka mingi, hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya miaka mitano na robo hivi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kwa sababu hiyo mgonjwa hulazimika kukaa mbele ya mashine kuukuu kwa muda mrefu zaidi, hesabu ile itamkaa kichwani, na atajua kwamba nyuma yake kuna mtu. Pili, walimu wa Kiswahili wawazoeze wanafunzi kusema kutibiwa kwa mionzi, na kuacha kusema kuchomwa. Neno laweza kumzuilia mtu mlangoni.

Tatu, wanafunzi wazijue dalili na wazipeleke nyumbani. Doa la waridi juu ya jicho lisiloondoka kwa wiki kadhaa, jicho moja lililotokeza kuliko jingine, uvimbe wa ukope usioisha, au kuona vitu viwili viwili: hayo ni mambo ya kumpeleka mtu kliniki ya macho, si dukani. Kwa mtoto mdogo, taya iliyovimba, meno yanayolegea, jicho linalosukumwa nje, au mboni inayong'aa nyeupe ni dharura, na kila siku ina thamani yake.

La nne ndilo zito zaidi. Vijana wetu ndio wanaosikia minong'ono ya kijijini kabla haijafika kwa chifu, na inasikitisha kwamba vijana ndio hutumiwa kuwadhuru wazee. Kijana aliyefundishwa kwamba jicho la nyanya yake limevimba kwa sababu ya seli zilizoasi, na kwamba zipo hospitali zinazoweza kuziondoa, hawezi kudanganywa kirahisi na mwenye tamaa ya shamba. Asiishie kutoamini tu. Aseme hadharani, mbele ya wenzake, kwamba huyu ni mgonjwa, na amtafutie nauli ya kwenda hospitalini.

Tunawaita wazee hazina ya jamii katika insha zetu na kwenye sherehe zetu za kitaifa. Hazina hulindwa. Mzee mwenye jicho jekundu katika kijiji chako, mwalimu, anahitaji mtu wa kumwambia ukweli kuhusu ugonjwa wake, mtu wa kumwandikia barua ya kliniki, na mtu wa kukaa naye kwenye matatu hadi Mombasa. Katika vijiji vingi vya mwambao huu, mtu anayeweza kuyafanya yote hayo ni wewe.